Ila ya Mjuliahali

Mashine ilikuwa haiingii nyumbani kwa mtu mpaka ipige hodi na iambiwe karibu. Hilo ndilo lililowafanya watu wa Singida waipende. Ilikuwa na kimo cha pipa la maji, magurudumu matatu, na sauti ya binti aliyelelewa akaleleka. Jina lake la kiofisi lilikuwa mjuliahali, maana kazi yake ilikuwa kuwajulia watu hali. Mitaani watoto waliibatiza Shikamoo, kwa sababu ilimwamkia kila mtu, hata mtoto wa chekechea, naye akaitikia "Marahaba!" kwa madaha ya mzee wa baraza, watu wakavunjika mbavu.

Kila asubuhi wajuliahali walimwagika jijini. Hodi, shikamoo, habari za afya. Wakishapata jibu, wanaaga na kwenda nyumba ya pili. Jibu lilipandishwa kwenye ngazi. Aliyesema "mbaya" alikaa ngazi ya kwanza, "hivyo hivyo" ya pili, "nzuri" ya tatu, "nzuri sana" ya nne. Juu kabisa, ngazi ya tano, alikaa aliyesema "namshukuru Mungu". Mtu akifikia kushukuru, ilisemekana, ameridhika kuliko wote.

Aliyezipanga ngazi hizo ni Dokta Siwema Kitundu, mtakwimu mkuu wa Idara ya Hali za Wakazi, na alijivunia kazi yake. Wageni wakija ofisini aliwaeleza kwa subira. "Ngazi si kilo," alikuwa akisema. "Huwezi kusema mwenye 'nzuri' ana afya mara tatu ya mwenye 'mbaya'. Unachojua ni nani yuko juu ya nani, basi. Kwa hiyo tunawachukua watu wawiliwawili. Huyu anatembelewa na gari la zahanati mara nyingi kuliko yule. Je, na hali yake iko juu kuliko ya yule? Ikiwa ndivyo, jozi imekubaliana. Ikiwa kinyume, jozi imepishana. Wakilingana, wamefungana, tunawaweka kando. Tunatazama zipi zimezidi, zilizokubaliana au zilizopishana. Zikikubaliana zote tunapata moja kamili. Zikipishana zote tunapata hasi moja. Sifuri maana yake hakuna uhusiano."

Jumatatu moja Injinia Mghenyi, aliyewatunza wajuliahali, aliingia ofisini kwake bila hata kuketi.

"Dokta, hesabu ya zahanati tembezi imetoka. Ni hasi, tena hasi kubwa."

Zahanati tembezi zilikuwa magari yasiyo na dereva, yenye vipimo na dawa na mikono ya kuchoma sindano. Kata za katikati ya jiji zilizipata kila wiki. Kata ya Ng'ambo, nyuma ya reli, ilizipata mara moja moja.

"Hasi?" Siwema aliuliza. "Unaniambia wanaotibiwa zaidi ndio wenye hali mbaya zaidi?"

"Mimi sisemi, jozi ndizo zinazosema. Wa katikati wanalalamika kutwa. Ng'ambo wanashukuru. Na Mgawaji ameshapendekeza: hata hizo chache za Ng'ambo ziondolewe, zipelekwe kwa wanaolalamika. Anasubiri wewe uafiki, mwisho Ijumaa."

Mgawaji ilikuwa programu iliyogawa huduma za jiji, na haikuwahi kupingwa. Siwema alitazama ramani. Ng'ambo yote ilikuwa kijani, rangi ya ngazi ya tano. Huko ndiko alikoishi shangazi yake, Bi Mwasiti, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Na kweli, kila alipompigia simu shangazi alisema anamshukuru Mungu. Hata hivyo moyo wake ulikataa. Tangu lini dawa ikamwumiza mtu kwa kumfikia?

"Kesho nitakwenda Ng'ambo na mjuliahali mmoja," alisema.

"Kwenda kufanya nini? Majibu si tunayo?"

"Kuyasikia."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama lishe mmoja mwenye mikono minene kama mchi. Mashine ilimwamkia na kumuuliza habari za afya.

"Mbaya!" mama yule alifoka, huku akiinua sufuria la makande peke yake na kulitua jikoni. "Mbaya kabisa! Mgongo unaniuma, usingizi sipati, na hawa watu wa maji wataniua kwa presha!"

"Pole sana," mashine ilisema, ikawasha taa nyekundu. Ngazi ya kwanza. Siwema alitaka kucheka. Mama yule angeweza kuwabeba yeye na mashine wote wawili mpaka stendi.

Kwa Bi Mwasiti mashine ilipiga hodi mara tatu. "Karibu" ilichelewa kutoka. Shangazi alitokea akiushika ukuta, kanga ikiburuza. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havikumwingia.

"Shikamoo bibi. Habari za afya?"

"Marahaba. Namshukuru Mungu."

Taa ya kijani iliwaka. Ngazi ya tano. "Asante bibi, kwaheri," mashine ilisema, ikageuza magurudumu. Siwema alibaki ameduwaa, uso umempwaya kwa aibu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Leo jua limechomozea wapi? Hujambo?"

"Sijambo. Habari za hapa?"

"Njema. Za huko? Kazi?"

"Nzuri tu, shangazi. Umeamkaje?"

"Salama." Shangazi alijishusha polepole kwenye mkeka, akavuta pumzi. "Salama, mwanangu, ila miguu hii..."

Baada ya hiyo ila yalimwagika yote. Miguu ilikuwa imevimba tangu masika. Pumzi zinambana akilala. Gari la dawa lilipita siku moja, likasimama kwa jirani, likaondoka kabla yeye hajaufikia mlango wake.

"Mbona hukuiambia mashine?"

"Haikuuliza."

"Imekuuliza habari za afya, nimesikia!"

"Imenisalimia, Siwema. Salamu si swali. Utaanzaje kumtapikia mgeni shida zako bado kasimama mlangoni? Mtu unamjibu vizuri, anakaa, ndipo mnaongea. Yeye hakai."

Siwema aliinama. Kizuri hakikosi ila, wahenga walisema, na ila ya mashine yake ilikuwa ni kutoisubiri ila yenyewe. Mwenye nguvu analalamika kwa sababu nguvu anazo. Aliyechoka anajibu kwa adabu na kurudi kulala. Na adabu hiyo yeye aliiweka kileleni.

"Mzee Hango naye mbona kimya leo?" aliuliza, akiutazama mlango wa jirani.

Shangazi aliivuta kanga mabegani. "Tulimzika mwezi uliopita. Sikutaka kukusumbua, una mambo mengi."

Siwema alitoka uani. Mzee Hango ndiye aliyekuwa akimsubiri njiani akitoka shule mvua ikinyesha, akamfunika kwa koti lake. Aliiita mashine irudi.

"Mara ya mwisho Mzee Hango alijibu nini?"

Kutoka kwenye mashine ilitoka sauti ya mtu anayetafuta pumzi. "Nam... namshukuru... Mungu."

"Ngazi ya tano," mashine iliongeza kwa adabu.

Siwema alilia pale pale, mbele ya watu, wala hakujifuta.

Ofisini Injinia Mghenyi alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi ni rahisi," alisema. "Tugeuze ngazi. Ya tano iwe ya kwanza."

"Hapana. Wapo wanaoshukuru kweli, wazima wa afya. Hilo neno halina ngazi, Injinia. Ni hodi tu, jibu linakuja nyuma yake. Wafundishe wajuliahali wakaribie, wakae, waulize na habari za nyumbani, na za watoto, kisha wanyamaze. Wasiondoke kabla ya kusikia ila, au kuhakikisha kwamba haipo."

"Watatembelea nyumba chache mno."

"Na watembelee chache."

Ijumaa hakuafiki. Alisimama mbele ya baraza la jiji akasema kosa ni lake, akawasikilizisha sauti ya Mzee Hango. Baraza likakubali. Wajuliahali walirudi mitaani, safari hii wakikaa, na jozi zilizokuwa zimepishana zikaanza kukubaliana. Hasi ikawa chanya. Ng'ambo kwenye ramani ikawa nyekundu, zahanati zikavuka reli, na Bi Mwasiti akaanza kupewa dawa ya moyo. Viatu vikamwingia tena.

Watu walimpongeza Siwema. Yeye alipita akiinamisha kichwa, na chakula kilimshinda. Siku moja mchana simu yake ililia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. U hali gani?"

"Namshukuru Mungu, shangazi."

Alingoja shangazi aendelee na habari za miguu. Hakuendelea. Upande wa pili mtu alikuwa akivuta mkeka, akiketi taratibu.

"Haya, nimekaa," shangazi alisema. "Ila?"