Pima Shingo, Usipime Kichwa

Mtu anayewasha kompyuta yake kwa bisibisi hafai kuchekwa mbele za watu, lakini fundi Milimita alicheka. Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, wakati ambapo jengo la vifaa vya umeme hujaa mpaka ngazi hazipitiki. Spika zilikuwa zinashindana, wauza chaja wanaita, watu wanakanyagana visigino. Mbele ya meza yake, ghorofa ya tatu, alisimama mwanamume mrefu mwenye shati la rangi ya maziwa lililopigwa pasi likakubali, amekumbatia kasha la kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Swichi imekufa," alisema. "Kwa hiyo naingiza bisibisi hapa, nagusanisha nyaya mbili, inawaka."

"Na siku ukigusa pasipotakiwa?"

"Nitawaka mimi."

Ndipo akacheka, na yule mwanamume akacheka naye, na jirani wa meza ya pili akainua kichwa kutazama, maana kicheko cha Milimita hakikuwa kitu cha kila siku.

Walimwita Milimita kwa sababu ya kalipa, kile kipimo cha chuma cha kupimia milimita, iliyokuwa haitoki kwenye mfuko wa ovaroli yake ya buluu. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hereni ndogo za duara, na mikono ambayo jengo zima lilikuwa halijaiona ikikosea tundu. Mikono hiyo ilikuwa na subira. Ulimi wake haukuwa nayo hata chembe, na wachumba wawili walikwisha kuondoka kwa sababu ya ulimi huo. Yule mwanamume naye alikuwa mhariri wa video za harusi, na wenzake walimwita Bwana Harusi kwa kumtania, kwa kuwa alikuwa amekata na kuunga harusi za watu mia mbili na yake hajaiona.

Milimita alitoa swichi mpya ya chuma, ya mviringo, yenye kichwa kipana na shingo ya nyuzi za kukazia nati.

"Haya, fundi wa bisibisi. Tundu la hii litakuwa kubwa kiasi gani?"

Bwana Harusi aliinama, akaonyesha kichwa. "Kiasi hiki."

"Umeharibu kasha. Pima shingo, usipime kichwa. Shingo ndiyo inayopita, milimita kumi na sita. Kichwa kinabaki nje, kinalala juu ya bati, kinaizuia isitumbukie. Ukitoboa kwa kipimo cha kichwa, swichi yote inazama ndani na wewe unabaki unachungulia."

"Nani kakufundisha?"

"Marehemu kaka yangu. Alisema tundu dogo linapanuliwa, tundu kubwa linazikwa."

Alibandika plasta ya karatasi juu ya bati ili lisikwaruzike, akapiga alama kwa penseli, akagonga alama hiyo kwa msumari mara moja ili biti, ncha ya drili, isiteleze. Akaanza na biti nyembamba ya milimita tatu. Kisha akafunga ile ya ngazi, inayopanua tundu hatua kwa hatua, akawa anasimama kila hatua anajaribisha swichi. Haikuingia. Akapanua kidogo. Haikuingia. Akapanua tena, ikaingia kwa kubanwa na kidole. Akalainisha ukingo kwa tupa, akakaza nati kwa ndani, akamwambia, "Bonyeza."

Taa ndogo ya buluu ikawaka, na Bwana Harusi hakuitazama, alikuwa anamtazama fundi.

Wiki iliyofuata alirudi na feni isiyo na kosa. Wiki ya tatu akaleta kibodi mpya.

"Hii nayo ina ugonjwa gani?" Milimita aliuliza.

"Haiandiki jina lako vizuri."

"Nenda zako huko!"

Lakini hakwenda, na hakufukuzwa. Zikaanza simu za mchana. "Umekula, mpenzi?" "Nimeshika drili, nitakulaje?" "Basi iweke chini uniambie unanipenda." "Nikiiweka chini wateja wataniona nimechanganyikiwa." "Si umechanganyikiwa kweli?" Naye angekata simu akitabasamu peke yake, mtu mzima mwenye unga wa chuma kwenye nyusi. Alikwisha kujiambia kwamba huyu ndiye, na kwamba akimpoteza huyu hatatafuta mwingine.

Alasiri moja mvua iliwazuia chumbani kwa mhariri, kwenye skrini bi harusi wa watu amegandishwa akilia. Bwana Harusi akasema asiyowahi kumwambia mtu.

"Mama yangu si mjane. Kila mtu anajua baba alikufa ajalini. Hakufa. Alihamia kwa mwanamke wa mtaa wa tatu mimi nikiwa tumboni. Mama akahama mji, akavaa nyeusi, akamfisha mume wake kwa maneno. Mpaka leo watu wanampa pole."

"Na wewe unaogopa nini?"

"Kufanana naye."

Milimita alimshika uso kwa mikono miwili. "Hufanani naye. Na hili litakaa kwangu."

Aliposema hivyo alimaanisha kila neno. Ndiyo maana yaliyofuata yanauma.

Nyumbani kwake kulikuwa na kasha la zamani la kompyuta, la chuma kizito, la kwanza alilounga na kaka yake. Swichi yake ilikuwa imevunjika tangu mwaka wa msiba. Mkono uliotoboa makasha ya mji mzima haukuthubutu kulitoboa hilo. Mama wa Bwana Harusi alipopanga kuja Jumapili ya mwisho wa mwezi kumtazama mkwe, mwanawe akasema, "Nipe hilo kasha nilipake rangi. Mama akute linang'aa."

"Paka rangi. Tundu usiguse. Tundu ni langu."

"Sawa, bosi."

Ikapita wiki. Zikapita mbili.

"Kasha langu liko wapi?" Milimita aliuliza kwenye simu.

"Rangi haijakauka, mpenzi."

"Rangi gani hiyo, ya meli? Wiki mbili?"

"Niamini tu."

"Mbona unaongea kwa kunong'ona?"

"Niko na mteja, roho yangu. Nitakupigia." Na hakupiga.

Ijumaa, siku mbili kabla ya ugeni, Milimita alishuka chini kununua nati. Mlango wa mchonga vibao ulikuwa nusu wazi. Mchonga vibao alikuwa mwanamke mcheshi, kitambaa chekundu kichwani, kucha zake ndefu zimepakwa rangi ile ile, na kazi yake ilikuwa kuchonga majina ya watu kwenye mabamba ya milango. Alikuwa ameushika mkono wa Bwana Harusi, anampulizia kidole, wote wawili wanacheka.

"Lakini Milimita asijue," Bwana Harusi alikuwa anasema. "Akijua kabla ya Jumapili, nimekwisha."

Fundi yeyote mwenye akili hupima kwanza. Milimita hakupima. Aliusukuma mlango mpaka ukagonga ukuta.

"Asijue nini? Haya, nimeshajua!"

"Mpenzi, ngoja, si unavyo..."

"Usiniite mpenzi! Rangi haikauki, kumbe rangi yenyewe iko kwenye kucha!" Watu walianza kusimama mlangoni. Nyuma yao walisimama wanawake wawili wa makamo, mmoja wa gauni la kijani na mtandio mweupe, amekumbatia kifurushi. Milimita aliwaona kama alivyowaona wengine, watazamaji tu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka! Unamwambia kila mtu baba yako alikufa ajalini. Alikufa wapi? Si alimkimbia mama yako na mimba yako tumboni, akaenda kuishi na mwanamke wa mtaa wa tatu! Mama yako alivaa nyeusi kwa mume aliye hai! Na wewe ni yule yule!"

Bwana Harusi alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake.

"Mama," alisema.

Mwanamke wa gauni la kijani hakulia. Shoga yake, jirani yake kwa miaka ishirini sasa, aliyekuja naye kuchungulia mkwe kabla ya Jumapili, alimgeukia taratibu. "Yu hai?" aliuliza. Mama akakikumbatia kifurushi vizuri zaidi, akageuka, akapenya katikati ya watu bila kumgusa yeyote. Mwanawe akamfuata mbio.

Milimita alibaki na mchonga vibao, ambaye alifungua droo na kutoa bamba dogo la shaba.

"Alitoboa kasha la kaka yako," alisema. "Alitaka kukushangaza. Akapima kichwa badala ya shingo, swichi ikazama ndani. Akakatwa na bati kidole mpaka mfupa. Wiki nzima anakuja hapa tutengeneze bamba la kufunika lile tundu. Nilikuwa namfunga dawa." Akalisukuma bamba juu ya meza. "Wewe dada, ulimi huo ungeupigia tupa kidogo."

Bamba lilikuwa na tundu la milimita kumi na sita, na chini yake maneno yamechongwa kwa herufi safi: PIMA SHINGO.

Siku ya tatu Milimita alikwenda kwa mama yake Bwana Harusi. Alivaa gauni la heshima, akavua viatu mlangoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, sakafu ina baridi."

"Nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea."

Mama alimletea maji kwenye glasi, akaketi. Mezani palikuwa pametandikwa kitambaa kipya cheupe kilichofumwa kwa mkono, bado kina mikunjo ya kifurushi. Milimita akajua kilifumwa kwa ajili ya nani.

"Sikuchukii," mama alisema. "Ulisema kweli, na kweli haina mwenyewe. Lakini nilikuwa mjane miaka thelathini na sita, watu wananipa pole. Sasa mimi ni mwanamke aliyeachwa, tena mwongo. Shoga yangu hajaja tangu Ijumaa. Kunywa maji."

Alikunywa. Akaishika glasi mkononi isilowanishe kitambaa kile cheupe.

Bwana Harusi alimsindikiza hadi nje, kidole kimefungwa kitambaa. Kasha lilikuwa limewekwa tayari kando ya lango, limepakwa rangi nyeusi, bamba la shaba limekazwa kwa skrubu nne ndogo.

"Nisamehe," Milimita alisema.

"Nilikusamehe Ijumaa ile ile, kabla sijafika barabarani."

"Basi turudi. Nitakuja kila siku. Nitamwosha mama yako miguu."

"Utakuja, na kila ukiingia atakumbuka. Atatabasamu, atakuletea maji. Nimemwona akiigiza maisha yangu yote, sitaki aanze igizo jingine kwa ajili yangu."

"Ni kosa moja!"

"Na langu lilikuwa moja." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomkata. "Kwenye bati unaanza na biti ya milimita tatu. Unasimama, unajaribisha. Mimi mbona hukunijaribisha hata kwa swali moja? 'Mnafanya nini hapa?' Ningekuambia."

Milimita alinyoosha mkono, akamgusa kidole kilichofungwa, naye akauacha ukae pale kidogo kabla ya kuurudisha mkono wake.

"Nakupenda," Bwana Harusi alisema. "Nenda, kabla sijabadili mawazo. Mama anatusikia."

Alilibeba kasha mwenyewe mpaka nyumbani, zito, begani. Aliliweka juu ya meza dirishani, jua la alasiri likiwa bado limejaa chumbani, akaunga nyaya zote bila haraka. Alipochungulia ndani kukagua nati, aliona ile swichi imekazwa sawasawa, wala haichezi. Nyuma ya bamba, lile tundu la kwanza lilionekana wazi kwa ndani, kubwa, kingo zake zimelainishwa kwa tupa na mtu asiyejua kazi lakini aliyejitahidi.

Milimita alibonyeza. Taa ikawaka papo hapo.

Akachukua simu, akatafuta namba ya Bwana Harusi, akiwa na neno moja tu la kumwambia, imewaka. Alikaa ameishika mpaka skrini ikazima yenyewe. Kisha akaweka uso juu ya kasha la kaka yake, akalia kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia hata siku ya msiba.