Namba Kubwa, Herufi Ndogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta vumbi kwenye meza ya mama yake, mchapaji, akapanga karatasi kando ya printa na kuwasha kompyuta. Waliombatiza jina hilo walijua mdomo wake haupumziki. Lakini asubuhi ile alitulia kama maji mtungini.

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi. Katikati yalielea maneno matatu tu: "Nje ya kiwango."

"Mungu wangu, kimekufa!" Mama alishika kiuno. Mitihani ya darasa la sita ilikuwa ndani ya kompyuta ile, na mwalimu mkuu angeifuata saa sita mchana. Macho yake yakatua kwa Kibonge, kitinda mimba wake. "Ni wewe! Jana nilikukuta umeshika nyaya kwa mikono yenye maji."

"Sijafanya kitu, mama!" Kibonge aliangua kilio.

"Nyamaza! Hukanyagi tena chumba hiki."

Chiriku aliinamia viatu vyake.

Mama alipiga simu. Haukupita muda, shangazi yao, fundi wa kompyuta, akaingia na kioo kingine kwapani. Alichomeka waya, na papo hapo picha ikajitokeza, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

"Wifi, kioo chako kizima," alicheka. "Ndani ya kompyuta kuna kadi ya video. Hiyo ndiyo huchora picha kwa nukta na kuipeleka kwenye kioo. Sasa imeamriwa kuchora nukta nyingi mno, na kioo chako hiki kizee hakiziwezi. Kimegoma! Nani amebadilisha namba ya nukta kwenye mipangilio?"

Kibonge alisimama mlangoni, akifuta kamasi kwa mkono wa shati. Chiriku hakuweza kuvumilia zaidi.

"Ni mimi, shangazi. Jana jioni nilimwona mama akiinama mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Alipotoka, nikachagua namba kubwa kuliko zote ili herufi ziwe kubwa."

"Lo! Namba kubwa maana yake nukta nyingi, na nukta zikizidi, herufi hunywea." Shangazi alirudisha namba ya awali, akachomeka kioo cha zamani, kisha akakuza maandishi peke yake. Mitihani ikatokea, herufi nono kama maharage. "Na wewe wifi, kapime macho!"

Mama alimvuta Kibonge kifuani. "Nisamehe, baba. Nilikuonea." Akamgeukia Chiriku, sauti ikiwa ya chini. "Kukosea si kosa kubwa, mwanangu. Kosa ni kumwachia mdogo wako mzigo wako. Ukiharibu, sema mapema. Usichokijua, uliza."

Chiriku alipiga magoti mbele ya Kibonge. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Na mimi je?" mama aliuliza.

"Kwa kunyamaza, nisamehe, mama." Chiriku aliinua uso. "Lakini kwa kutaka uone vizuri, siombi radhi."