Yupo Ndani

Haya yalimpata wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, mtu asiyejua kutia chumvi kwenye habari. Alinisimulia mara moja tu, na hapendi nimuulize tena.

Kampuni yao ilitengeneza programu ya kufungua milango ya maofisi kwa kadi. Mtu akikuta hitilafu, huiandikia taarifa kwenye ukurasa wa mradi mtandaoni, kisha taarifa hubandikwa lebo ili mafundi wajue waanzie wapi; ikishamalizwa, hufungwa. Lebo zilikuwa zimezaana kama panya. Kulikuwa na "haraka", "haraka sana" na nyingine "haraka kweli". Siku hiyo wifi alipewa kazi ya kuzipunguza. Akachukua chai yake, akaingia kwenye kile chumba kidogo cha vioo wanachopigia simu, apate utulivu.

Kabla ya adhuhuri akakuta lebo ya rangi ya majivu: "yupo ndani". Ilibandikwa kwenye taarifa moja tu, ya zamani, isiyo na jina la aliyeiandika. "Mlango haufunguki. Nagonga. Wananipita."

Akampigia msimamizi wake, aliyekaa nje ya kioo, meza ya pili.

"Hii lebo ya 'yupo ndani' ni ya nani?"

"Sijawahi kuiona, dada. Ifute, na hiyo taarifa uifunge. Tumerithi takataka nyingi mno."

Akaifuta. Akaifunga.

Alipoinuka kwenda kuongeza chai, mlango ulikataa. Akapitisha kadi. Kimya. Akasukuma kwa bega. Akacheka kidogo peke yake. Kweli mganga hajigangi.

Akagonga kioo. Mhasibu akapita na mafaili yake, hakugeuka. Akagonga kwa nguvu zaidi. Wawili wakapita wakipiga soga. Kisha msimamizi mwenyewe akaja, akasimama uso kwa uso naye, akamtazama machoni.

Akarekebisha kola. Akakagua meno yake. Akaondoka.

Wifi akampigia simu. Akamwona akipokea. "Halo? Halo?" Akakata.

Akarudi kwenye kompyuta. Lebo ilikuwa imerudi. Rangi ileile. Maneno yalikuwa mengine.

"Wapo ndani."

Hakugeuka nyuma. "Wifi," aliniambia, "chumba kile kina kiti kimoja. Nilikuwa nimekikalia. Nikasikia kingine kikivutwa."

Pumzi baridi ikampiga shingoni. Sauti ikanong'ona.

"Usinifunge tena."

Akaifungua upya ile taarifa, vidole vikikosea vitufe. Mlango ukalia, tik. Akatoka pekupeku, viatu akaviacha chini ya meza.

Ofisini watu walikuwa wanafunga mikoba waende nyumbani.

"Ulikuwa wapi?" msimamizi akamuuliza. "Tumekutafuta tangu mchana. Hata humo nilichungulia."

Hakurudi tena kazini. Siku hizi anaoga mlango ukiwa wazi. Kaka alilalamika mwanzoni, halafu akanyamaza.

Viatu aliletewa na mama anayefanya usafi pale. Nilikuwepo. Hakutaka kukaa.

"Mwanangu, kioo cha kile chumba kimenishinda," alisema kwa sauti ya chini. "Kimejaa alama za viganja, juu mpaka chini. Nimesugua kwa ndani. Nimesugua kwa nje."

"Hazitoki?" wifi akauliza.

"Zitatokaje? Kumbe kile ni vioo viwili vilivyobanwa pamoja. Viganja vipo katikati."