Karibu ya Mama Sanduku

Sanduku lilikuwa na joto. Si joto la jua, maana ule ukuta wa masanduku pale posta uko barazani, kivulini mchana kutwa. Lilikuwa joto la kitu kilichokaliwa, kama kiti mtu anapoinuka. Mama Sanduku alipotia mkono kuchukua barua aliutoa upesi, akajicheka. "Uzee huu!" akasema. Laiti angekimbia saa ile ile.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu mtaa mzima ulitumia sanduku moja la barua, nalo ni lake, alilorithi kwa marehemu mumewe. Wengine wote waliandika "kupitia kwa" yeye: mwalimu mstaafu, mama pacha, kinyozi, hata jirani waliyenuniana naye. Hakuwahi kumkatalia mtu. Tuseme ukweli, alipenda pia kupiga hodi nyumba za watu na barua mkononi, wamwinukie na kumpa kiti.

Masanduku yale kwa mbele yana vilango vya chuma, kila kimoja na ufunguo wake. Nyuma yako wazi, ili wanaochambua barua wazitie wakiwa chumba cha ndani. Ukiinama unaona mpaka upande wa pili. Alasiri hiyo, alipokuwa anataka kufunga, sauti ya kiume ikatoka humo humo sandukuni, taratibu, yenye adabu zake.

"Shikamoo, mama. Samahani, sina anwani. Naweza kupitia kwako?"

Akajua ni kijana wa posta. Hata kuinama amtazame hakuinama. "Marahaba, mwanangu. Karibu, jisikie uko nyumbani. Sanduku ni la wote."

"Ahsante, mama. Nimeshakaribia."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema sisi. Kumtazama mgeni usoni kwanza, hilo hatukufundishwa.

Kilichofuata ni stempu. Barua zikawa zinafika hazina stempu, na pale zilipobandikwa pameloa, panateleza kama palipolambwa. Mama pacha akafanya mzaha: "Mama Sanduku, siku hizi mboga yako ni stempu?" Mwalimu mstaafu yeye hakucheka. "Barua yangu imefunguliwa, ikafungwa tena," alisema. "Funguo za sanduku lile wanazo wangapi?"

Walikuwa nazo wawili, yeye na wifi yake.

Huyu wifi alikuwa mdogo wa marehemu. Marehemu alipokuwa anakata roho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Dada yangu hana mtu. Usije ukamtoa nyumbani." Naye akaapa. Lakini hata bila kiapo asingemtoa, kwa sababu alimpenda. Wanawake wawili wazima, wanakula sahani moja, wanachekana mikunjo ya uso, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtu mwingine duniani. Wasiwasi wao ulikuwa mmoja tu: wifi aliomba kazi ya upishi katika hospitali ya mbali, na kila jioni aliuliza kama jibu limekuja. Kila jioni Mama Sanduku alijibu bado, na moyoni, Mungu amsamehe, alifurahi kidogo.

Akaenda posta kumgombeza yule kijana. Karani akakunja uso. "Alasiri? Mama, kuchambua tunamaliza asubuhi, na kile chumba nakifunga mwenyewe. Halafu kijana gani? Humo ndani anafanya kazi mama mmoja tu, mtu mzima."

Alitoka posta mbio mbio. Lakini binadamu akiogopa asichokijua humtafuta anayemjua amshuku, apate nafuu. Alipofika nyumbani alikuwa ameshapata jibu: wifi ana mwanamume, kampa ufunguo. Kikulacho ki nguoni mwako!

Tangu hapo akawa anasikiliza. Giza likianza kuingia, chumbani kwa wifi ilisikika *klak*, kilango kidogo cha chuma kikifunguka, na baada ya kitambo *klak*, kikifungwa, na chumba chote kile hakina chuma hata cha kitasa. Halafu ikaja harufu: gundi mbichi, na nywele zilizoungua.

"Wifi," yule mwenziwe alimnong'oneza jioni moja umeme umekatika, "jana ulikuja kunifunika shuka?"

"Mimi? Nikufunike, wewe mtoto?"

"Mtu alinifunika. Akanipapasa shingo. Vidole vimeloa."

"Mtu gani? Sema mwenyewe unamwingiza nani humu ndani."

"Eti namwingiza! Wewe ndiye unayeficha barua yangu ili nisiondoke, halafu unakuja kunichungulia nimelala. Unafikiri sijui?"

Hawakula pamoja siku hiyo, wala iliyofuata. Asubuhi wifi alipoinama kuosha nywele, Mama Sanduku akaona, pale kisogoni chini ya nywele, stempu zimebandikwa, moja kando ya nyingine mpaka kwenye mgongo, mbichi, zinang'aa mate, na ncha za zile za chini zinanyanyuka na kulala, zinanyanyuka na kulala, kana kwamba kuna mtu amesogeza mdomo karibu kabisa na ile ngozi na anazipuliza zikauke. Wifi mwenyewe alikuwa anaimba wimbo taratibu, hana habari. Mama Sanduku akarudi nyuma, na hapo pia akamshuku.

Mganga aliyemwendea alikuwa mwanamke mkavu, asiye na maneno ya kupamba. "Sipigi ngoma, sichinji kuku," alisema. "Wewe hukuvamiwa, umekaribisha. Mgeni wako siwezi kukufukuzia mimi. Kinywa kilichosema karibu ndicho kiseme toka. Ulitoa karibu moja, basi toka unayo moja, na itamtoa mmoja. Atakayetoka kwa neno hilo harudi, hata umwite vipi."

"Na wifi yangu?"

"Huyo anabandikwa stempu kwa safari, kama barua. Kitu hicho kinataka nafasi yake. Siku utakayolisema neno hilo, upe mgongo mlango wa chumba chake; yeye mtoe nyumbani mapema, na umweleze kila kitu. Umenisikia? Kila kitu."

"Nitamweleza."

Hakumweleza. Njia nzima alijiuliza: kama wifi na mgeni huyo lao ni moja je? Si atamtonya? Kwa hiyo siku ilipofika alimwambia tu, "Wifi, naomba uniendee mjini, uzi mweusi umeniishia."

Wifi akamtazama. Kopo la uzi mweusi lilikuwa pale pale juu ya cherehani. "Haya, wifi," alisema. Akachukua kikapu, akatoka mlango wa mbele, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia chumbani kwake kwa dirishani, akaketi kitandani kimya. Leo atanaswa, alijiambia. Leo nitamwona akiisoma barua yangu.

Mama Sanduku akasimama sebuleni, mgongo kwenye mlango wa chumba kile, kama alivyoagizwa. Mchana kweupe, watoto wanacheza barabarani, na bado jasho lilimtiririka, kwa sababu ile harufu ilianza kuja, gundi na nywele, ikapita masikioni mwake kama pumzi, kisha mlango nyuma yake ukalia, na nyayo zikatoka, laini, za kunyata, za mtu asiyetaka kusikika, zikaja, zikaja, zikasimama nyuma yake kabisa, na akajua kwamba asiposema sasa hatasema tena.

"Toka!" akapiga ukelele. "Toka nyumbani kwangu! Nilikukaribisha sikukujua. Sikutaki!"

Nyuma yake mtu akavuta pumzi kama ya kilio. Majini yana hila, akajiambia, akaukaza moyo. Nyayo zikampita ubavuni akiwa amefumba macho. Mlango wa nje ukafunguka. Ukafungwa.

Akaketi chini, akalia kwa furaha. Amekwisha! Akirudi wifi atamwomba radhi, atampikia, watacheka. Akaenda dirishani aone kama anakuja.

Alimwona. Alikuwa anakwenda zake, peku, kikapu kitupu mkononi, kisogo kinang'aa juani, hageuki. Mama Sanduku akamwita. Akamwita kwa jina alilopewa na kaka yake, akamwita mpaka majirani wakatoka nje, na yule mwanamke akazidi kwenda kama asiye na masikio, akakata kona.

Ndipo kitanda kikalia kule chumbani, kama mtu anajinyoosha.

"Ahsante, mama," sauti ikasema, taratibu, yenye adabu zake. "Tulikuwa tumebanana."