Sindano ya Jumamosi

Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje na ufunguo haukuonekana popote. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloambiwa Inspekta Zipora Ndahani aliposhuka kwenye gari, kabla hata hajauona mwili.

Maji yalikuwa bado yametuama barazani. Mzee Seth, mwenye nyumba, alisimama katikati yake, suruali kaikunja hadi magotini, mtaimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee. Umevunja wewe?"

"Marahaba, mama. Nimevunja mimi. Niliona maji yanapita chini ya mlango, nikajua Erica kaenda kanisani kasahau bomba. Nimegonga mpaka mkono ukauma. Kumbe..."

Aliyekuwa ndani ni Erica Chibago, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, afisa utumishi katika wizara moja kule Mtumba. Katika nyumba hii ya Area D alikuwa akiishi peke yake. Alilala kifudifudi juu ya godoro, amefunikwa khanga kuanzia mabegani hadi visiginoni. Khanga yenyewe haikuwa na kunyanzi hata moja. Mtu alikuwa ameinyoosha kwa mikono miwili, kama anayemfunika mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Zipora alivaa glovu, akaifunua. Hakuona jeraha la kisu, alama ya kamba wala mchubuko. Lakini kila kalio lilikuwa na vitundu vidogo vya sindano, na juu ya kila kitundu tone la kitu kigumu kinachong'aa.

"Nini hicho, afande?" aliuliza Koplo Castory, msaidizi wake.

Zipora alikigusa kwa ncha ya kidole. Akainama, akanusa. Alikuwa ameona maiti za kila namna katika kazi hii, lakini hapo alijikuta amerudi nyuma hadi mgongo ukagonga kabati.

"Gundi," alisema. "Ile ya kubandikia soli za viatu. Kuna mtu amemziba binadamu kwa gundi ya viatu."

Zipora alitoka kwenda bafuni. Bomba la sinki lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho, na sinki lenyewe limeziba.

"Mzee Seth, maji yalikatika lini?"

"Jana adhuhuri. Mgao huu wetu. Yamerudi leo alfajiri."

Kwa hiyo aliyefungua bomba alilifungua wakati hakuna maji. Alitaka kunawa mikono, hakupata hata tone, akaondoka amechanganyikiwa bila kulifunga. Jumamosi baada ya adhuhuri Erica hakuwa peke yake humu ndani. Zipora aliagiza alama za vidole zichukuliwe kwenye bomba hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kesho yake Daktari Augustino, mchunguzi wa maiti, alimpokea mlangoni mwa chumba chake. Hakutania kama kawaida yake.

"Mapafu yamejaa matone ya mafuta," alisema. "Si mafuta ya mwili. Ni silikoni, na wala si ile ya hospitali. Hii ni ya kulainishia mashine. Alidungwa makalioni ili yanenepe. Sindano ikapiga mshipa, damu ikayabeba mafuta hadi mapafuni, yakaziba vimishipa vyote vidogo. Alikohoa, akakosa pumzi, akafa."

"Papo hapo?"

"Hapana. Ulikuwepo muda wa mtu kupiga simu. Hata kumkimbiza hospitali kwa bajaji."

"Na wale wasiokufa?"

"Ukiwaona utalia. Hii kitu haitulii mahali pamoja. Inateremka mapajani, nyama inakuwa ngumu kama jiwe, inatunga usaha, inapasuka. Madaktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile wanakwangua wanachoweza, kinachobaki kimeshashikana na msuli. Ninamjua mgonjwa mmoja, mwaka wa pili huu analala kifudifudi. Kukaa kwenye kiti kwake ni adhabu."

Msiba ulikuwa Chamwino, nyumbani kwa mama yake Erica. Wanawake walijaa kwenye mikeka, wengine wakiimba tenzi, wengine wakichambua mlenda. Zipora alikwenda akiwa amejifunga kitenge badala ya sare.

"Mbukwenyi," alisalimia kwa Kigogo, kisha akaketi karibu na mama mfiwa, akamshika mkono.

Mama Erica mwenyewe ndiye aliyeanza. "Muulize Shamila. Yule pale anayegawa chai. Walikuwa kama pacha, ofisi moja, meza zinatazamana. Mungu kaninyang'anya mmoja kaniachia yule."

Shamila Khalidi alikuwa msichana wa Kondoa, mrefu, mwenye umbo ambalo hata baibui pana halikuweza kulificha. Zipora alimfuata nyuma ya nyumba, kwenye masufuria.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole sana. Mlionana lini mara ya mwisho?"

"Ijumaa, kazini."

"Jumamosi?"

"Nilikuwa Mtera. Nilifuata samaki kwa shangazi yangu."

"Ulikwenda na nini?"

"Basi. Asubuhi kwenda, jioni kurudi."

"Ulipata siti?"

"Nilipata. Dirishani."

"Erica aliwahi kukwambia anataka kubadili umbo lake?"

Shamila aliinua birika. "Erica? Hapana. Alikuwa anajipenda alivyo." Akammiminia Zipora chai, akampa kikombe, akageuka haraka kwenda kwa waombolezaji.

Zipora alirudi mkekani. Mchungaji alikuwa ameingia, akawaomba watu wote waketi kwa ajili ya neno. Mkeka mzima ulitulia. Shamila peke yake alipiga magoti ukingoni, viganja chini, uzito wote mikononi. Sala ilipokwisha aliinuka kabla ya wote.

"Muone mtoto huyo," mama Erica alinong'ona. "Tangu jana hajakaa. Nikimwambia apumzike ananiambia, mama, leo ni siku yangu ya kukutumikia."

Zipora alimtazama Shamila akikusanya vikombe. Hakuinama kiunoni kama wenzake, bali alishuka wima, polepole, akiuma mdomo. Na huyu ndiye aliyekaa kwenye siti ya basi kwenda Mtera na kurudi?

Aliondoka na kile kikombe alichopewa na Shamila, amekizungushia kitambaa.

Jioni hiyohiyo Castory alizungumza na shangazi wa Mtera. Mara ya mwisho kumwona Shamila ilikuwa kabla ya Krismasi. Na alama za vidole kwenye kikombe zilikuwa zilezile za kwenye bomba.

Zipora alisubiri mazishi yapite. Siku iliyofuata Shamila aliletwa kituoni.

"Kaa."

"Nitasimama tu, afande."

"Kaa, Shamila."

Alishuka kwenye kiti kwa paja moja, ameshikilia ukingo wa meza. Jasho lilimtoka. Machozi yalifuata, bila sauti.

"Inuka," Zipora alisema upesi. "Inuka, mdogo wangu. Nimeshaona." Baada ya kumweleza haki zake za kisheria, aliuliza, "Nani alimdunga Erica?"

"Mimi."

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwenye mwili wangu. Dar es Salaam, chumba cha nyuma ya saluni. Nilikuwa namwona mama mwenye saluni kwenye kioo, anavyodunga, anavyoziba kwa gundi." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Mwanzoni ilikuwa raha. Ofisi nzima iligeuza shingo. Halafu homa zikaanza, vinundu, usaha. Nilikwenda hospitali ya mbali wasikonijua. Daktari akaniambia haitatoka yote, maisha yangu yote."

"Erica alijua?"

"Hakuna anayejua. Kila siku alikuwa ananisifia. Shosti, nipe siri. Shosti, unanibania. Nilimkatalia, afande. Wallahi nilimkatalia mara nyingi."

"Nini kilibadilika?"

Shamila alikitazama kile kiti.

"Alikuwa anaingia asubuhi, anajitupa kwenye kiti chake. Pu! Hivyo tu. Anazunguka nacho, anacheka, anasimulia ya nyumbani. Mimi nimesimama kwenye kabati najifanya natafuta mafaili, maumivu yananipanda mpaka kichwani. Nikaanza kumchukia. Si kwa uzuri wala cheo. Kwa namna alivyokuwa anakaa. Siku moja aliponiomba tena, nikamwambia sawa. Nikampigia yule mama wa Dar anitumie chupa. Nikamsisitiza iwe ileile."

"Ileile." Zipora hakuitambua sauti yake mwenyewe. "Ulikuwa unajua inachofanya."

"Nilijua."

"Ulitaka afe?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana. Nilitaka awe kama mimi. Angeanza kuumwa, angekuja kwangu analia, ningemwambia, hata mimi, mwenzangu. Tungekuwa wawili. Tungekandana maji ya moto jioni. Nisingekuwa peke yangu."

Castory, aliyekuwa akiandika maelezo, aliiweka kalamu chini. Ilibidi Zipora amtazame ndipo aichukue tena.

"Alipoanza kukohoa?"

"Alinishika mkono. Akasema, niitie mtu. Nikachukua simu. Nikawaza, wakija wataniuliza nimejifunzia wapi, watanivua nguo, watu wote watajua. Nikairudisha mezani. Nikamwambia, tulia, itapita."

"Ulikaa naye mpaka lini?"

"Mpaka aliponiachia."

Shamila alitoa ufunguo wa nyumba ya Erica, akauweka mezani. Zipora aliagiza Shamila apelekwe hospitali chini ya ulinzi kabla ya kwenda mahabusu, na jalada lipelekwe kwa mwanasheria wa serikali, aamue ni mauaji ya namna gani haya. Yeye mwenyewe hakuwa na jina la kuyapa. Kisha akawapigia wenzake wa Dar es Salaam kuhusu yule mama wa saluni, akachukua ufunguo wa gari.

Chamwino waombolezaji walikuwa wameanza kutawanyika. Mama Erica alikuwa chumbani, ameegemea ukuta. Alipomwona Zipora aliinua mkono kabla hajasalimiwa.

"Kabla hujasema lolote, mwanangu, nijibu moja. Tangu Jumapili linaninyima usingizi. Erica alikufa peke yake?"

Zipora alichuchumaa mbele yake. Njia nzima alikuwa amejipanga kwa maswali mengine, siyo hili.

"Hapana, mama. Kulikuwa na mtu. Walishikana mikono mpaka mwisho."

Uso wa mama ulilegea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alivuta pumzi ikashuka mpaka chini.

"Mungu ashukuriwe. Nani huyo?"

Nje mtu alikuwa akizivuta turubai za msiba.

"Shamila."

Mama Erica alifumba macho, akatabasamu huku machozi yakimtiririka.

"Nilijua," alisema. "Nilijua yule mtoto asingemwacha mwenzake."

Zipora alimshika mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "sijamaliza."