Kamba Nzima ya Mwinga

Haya yalimpata Shutu, jirani yetu wa upande wa Kinango, Uhuru ukiwa bado mpya na bendera hazijapauka. Asiyeamini na aende zake akalale, mimi simshiki miguu.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Shutu alioga, akavaa shati la kwendea sokoni, akatia gunia begani na kuteremka Diani. Ndani ya gunia mlikuwa na kamba ndefu ya katani, nyundo, pete za chuma na misumari minene ya kupigilia mwambani. Vilikuwa vitu vya mlowezi mmoja aliyependa kupanda majabali siku za Jumapili. Alipofungasha kurudi kwao alimwachia Mwinga, kaka yake Shutu, ambaye alikuwa akimbebea mizigo. Mwinga hakuwa na haja ya kupanda majabali kwa raha. Alivitumia kushukia kwenye genge la mwamba kurina asali.

Mwinga alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Alianguka. Shutu ndiye aliyekuwa juu ameshika kamba, na aliporudi nyumbani akilia aliwaambia watu kwamba kamba ilikatika.

Sasa, kwa Waduruma wale, mtu aliyekufa kifo kibaya hazikwi ndani ya boma. Huzikwa nje, kando ya kichaka, na kilichomuua huzikwa naye, kisije kikamtamani mwingine. Wazee wakamwambia Shutu avilete vile vipande viwili vya kamba. Hapo ndipo alipokwama, kwa sababu vipande havikuwapo. Kamba ilikuwa nzima. Nyuki walimvamia usoni, akaiachia ili ajipanguse, mara moja tu, na mara hiyo ilitosha.

Angeliweza kuikata kwa panga, na nani angelijua? Lakini alikwisha kusikia kwa Alfani, rafiki yake Mdigo aliyekuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Diani, kwamba pale kuna Mzungu anayenunua vifaa vya zamani vya kupandia milima, na anavitaka vizima. Tamaa haina haya! Shutu akachukua kamba kuukuu ya kisimani, akaikata, akavileta vipande huku analia. Kache, mjane wa Mwinga, aliviweka kwa mikono yake mwenyewe kifuani mwa mumewe.

Mzungu alikuwa mzee mwembamba, Kiswahili chake cha kuokoteza. Aliisugua pete moja kwa mate mpaka ikatokea alama ya mhunzi. Alimweleza Shutu kwamba siku hizi kwao kamba ni za nailoni na pete zinamwagwa na viwanda, kwa hiyo za zamani zilitupwa. Zilizobaki zinatafutwa na matajiri ambao hata ngazi hawaipandi, wazitundike sebuleni wageni waone. Pete peke yake si kitu. Seti kamili pamoja na kamba yake, isiyokatika hata uzi, hiyo ndiyo mali. Shutu alicheka moyoni, maana hajapata kusikia wazimu wa namna hiyo.

Mzungu aliivuta kamba, akaijaribu kwa goti. "Imewahi kumwangusha mtu?"

Shutu akaitazama sakafu. "Haijawahi."

Na huo ulikuwa ukweli mtupu. Ndiyo sababu ulimchoma.

Alirudi kwao na bei ya ng'ombe wa maziwa pamoja na ndama wake. Akamnunua. Kila asubuhi alimpelekea Kache maziwa ya watoto, akijiambia kwamba polepole deni la damu litapungua. Kache alikuwa akiyapokea kwa mikono miwili. Siku moja alimwambia, "Mungu akuweke, shemeji. Mwinga hakuacha watoto jangwani, amekuacha wewe." Shutu alitamani ardhi impasukie. Yeye mwenyewe maziwa yale yalikuwa hayamshuki kooni.

Haukupita muda Alfani akaja na gunia. Hakutaka kuingia ndani, hakutaka maji. Alichuchumaa nje, akasimulia kwa sauti ya chini. Mzungu aliitundika kamba ukutani, na siku ya kwanza ilining'inia kama kamba yoyote. Siku ya pili Alfani alipoingia kufagia aliikuta imenyooka, imekaza, ncha yake haigusi sakafu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Kamba ilikuwa ikiyumba, taratibu, na msumari ukilia ukutani. Basi akatia mkono chini ya ile ncha, ainyanyue.

Alfani akautazama mkono wake.

"Nzito," akanong'ona. "Nzito kama mtu, Shutu. Na mkono wangu ulipigwa na pumzi."

Mzungu alihama siku ile ile. Pesa zake hakuzitaka, alitaka tu kamba irudi kwa mwenyewe. Alfani aliuliza mwenyewe ni nani. Shutu akasema hajui, na Alfani akaliacha gunia, akaondoka bila kupeana mkono.

Dawa ilikuwa moja, kuizika. Lakini kuwaita wazee ni kuwaonyesha kamba nzima, na hilo Shutu hakuliweza. Akangoja jua la utosi, wakati watu wamejificha kivulini, akachukua jembe na kwenda kaburini peke yake.

Akaiweka kamba chini. Hakuwahi kupiga jembe hata mara moja.

Kamba ilianza kwenda.

Ncha ilizama kwenye udongo mkavu, pasipo na tundu. Taratibu. Kisha mbio. Shutu aliikanyaga, ikapita. Akaikamata kwa mikono miwili, ikamchuna viganja. Akajizungushia kiunoni, akaketi, akachimbia visigino ardhini. Ikasimama.

Huko chini palikuwa na uzito. Aliujua. Aliujua hata namna ulivyokuwa ukihangaika, mguu ukitafuta pa kukanyaga.

"Nimekushika," akasema. "Kaka, leo nimekushika."

Kache alimkuta alasiri, akitoka kuchanja kuni. Damu ilikuwa ikichuruzika viwikoni. Alidhani ni majonzi yamempanda kichwani, akamsihi kwa upole aiachie kamba waende nyumbani. Shutu akatikisa kichwa.

"Nikiachia, ataanguka tena."

Kache akatua mzigo wa kuni. Aliitazama kamba, ile ile ya katani ya Mwinga, toka kiunoni mwa Shutu hadi pale ilipoingia ardhini. Haikuwa na kiungo. Haikuwa na jeraha.

"Tena?" akauliza.

Shutu akalia, akayasema yote. Nyuki. Kamba ya kisimani. Mzungu. Ng'ombe. Kache alimsikiliza amesimama, na hakumkatiza. Alipomaliza, mwanamke yule alijifunga kanga vizuri, akapiga magoti mbele yake.

"Lete hapa," alisema. "Wewe hujui kushika."

Akaipokea. Mikononi mwake kamba ikawa nyepesi. Akaivuta, pima baada ya pima, ikatoka bila kugoma, mpaka ikatokea ncha. Ilikuwa imefungwa kitanzi cha kiuno cha mtu, na fundo lake lilikuwa na joto. Kitanzi kilikuwa kitupu. Kache aliikata katikati kwa panga, akavifukia vipande, akasema maneno yake na mumewe ambayo hakuna aliyeyasikia. Kisha akabeba kuni zake.

Shutu alibaki palepale. Kamba haikuwapo, lakini vidole havikufunguka. Alikuwa angali ameegemea nyuma, anavuta, mishipa imemsimama shingoni. Wanaume walikwenda kumbeba, na wanaapa kwamba walibeba watu wawili.

Aliishi miaka kadhaa hivyo, akilishwa na wenziwe, amekaa mlangoni mwake, ngumi zimefumbwa, visigino vimejikita. Kache hakuja hata siku moja. Ng'ombe alipopelekwa kwake, alimkataa.

Shutu amekwisha kufa, amezikwa, nyumba yenyewe imeanguka. Lakini pale palipokuwa mlango pana mifereji miwili, kiasi cha visigino vya mtu. Watoto huifukia kwa mchezo, mvua huisawazisha. Ukipita asubuhi, udongo umesukumwa upya, na bado una unyevu.