Bunduki ya Nyati Iliyomfukuza Mama Yangu

Mi ni kijana wa miaka kumi na saba, nasoma bado, hapa hapa Kolwezi. Shuleni wananiita Komike, yaani mchekeshaji. Mwalimu wa hesabu hunitoa nje ya darasa huku machozi ya kicheko yanamtoka. Ndugu wasomaji, kama mna hamu ya kucheka, chekeni sasa hivi, hapa mwanzoni... Mbele huko sikuwawekea kitu.

Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa Katanga kwa kazi ya mgodi, na Tata yangu, yaani baba, naye anaendesha kamyo kubwa mgodini, zile ambazo gurudumu lao peke yake linanishinda kimo. Nilipokuwa mdogo aliteleza kwenye ngazi ya kamyo, akaangukia bega la kuume. Bega lile halikupona sawasawa. Mpaka leo akivaa shati, mtu lazima amsaidie kuingiza mkono. Zamani mtu huyo alikuwa Mama.

Likumbukeni hilo bega. Mkasa wote umelala mule.

Tuna shamba kwenye njia ya Nzilo. Msimu uliopita nguruwe wa pori waliingia kwenye mahindi yetu, wakala kama watu waliokuja kwenye matanga ya tajiri! Mama alisimama katikati ya mabua yaliyolala, akaokota gunzi tupu. Siku hiyo Tata aliapa kutafuta bunduki. Akafuata ruhusa zote za serikali, akazipata. Yeye si mtu wa njia za panya.

Kulikuwa na mzee mmoja mwindaji aliyekuwa anahama mji kwenda kuishi kwa binti yake. Alitaka kuziacha bunduki zake mbili kwa watu wenye ruhusa, kila mtu moja. Tulikwenda watatu: Tata, mi, na Tata Mukubwa, yaani kaka mkubwa wa Tata. Huyu Tata Mukubwa hajakosea jambo hata moja tangu kuzaliwa. Mwulizeni mwenyewe, atawaambia!

Ya kwanza ilikuwa karabini nyembamba, nyepesi, yenye mpira kwenye kitako. Ya pili... mamu wanyi! Karabini ya levye. Chini yake kuna mkono wa chuma. Ukimaliza kupiga, unausukuma mkono ule mpaka mwisho, unaurudisha, kla-klak! Ganda linaruka nje, risasi mpya inaingia. Na risasi zenyewe zilikuwa nene kama kidole gumba cha mwashi. Mzee alituambia aliitumia kwa nyati.

Tata alichukua kwanza ile nyembamba. Akaiweka begani... akatabasamu. Mi niliona lile tabasamu! Ni lile analofanya akivua viatu jioni.

Tata Mukubwa akaguna.

"Weye! Mwanaume muzima, dereva ya kamyo mukubwa vile, utapita mu kartiye, mbele ya majirani, na kafimbo kale? Batu batasema unaenda kufukuza panya."

"Lakini yaya," Tata akamwambia kaka yake, "ni nguruwe tu njo inakula mahindi..."

"Leo nguruwe. Na kesho nyati ikitokea? Utaiambia, ngoja kidogo, nirudie ingine ku nyumba? Beba ya nguvu, bwana! Bunduki ya mwanaume njo hii."

Mzee mwenye bunduki alimwuliza Tata swali moja tu: "Bega yako iko muzima?"

Tata alifungua mdomo. Nawaapia, alifungua! Lakini Tata Mukubwa akajibu mbele yake: "Bega ya mu familia yetu ni chuma!" Tata akafunga mdomo.

Tukarudi nyumbani na bunduki ya nyati. Kwa ajili ya nguruwe! Mama aliitazama, akauliza kwa upole, "Hii ni ya kuua nyama ya pori ao ya kubomoa ukuta?" Tata Mukubwa akamwambia mambo ya bunduki si mambo ya jikoni.

Tulikwenda kuijaribu shambani, sisi watatu, kwenye kichuguu kimoja kikubwa. Tata akalenga. Mi nilikuwa pembeni yake, naona uso wake vizuri. Kabla ya kuvuta alifumba macho... yote mawili! Booo! Kichuguu kikabaki kizima. Tata akajikuta amekaa chini kama mtoto anayengoja uji.

Na mi, mdomo wangu usiokuwa na breki, nikapiga kelele: "Tata, nyama ya kwanza imeanguka! Tuichune?"

Wote wakacheka. Tata mwenyewe alicheka huku anashika bega. Jaribio la pili alifumba macho tena, halafu akavuta levye nusu tu, mkono ukamkatalia, risasi mpya ikakosa kuingia. Nikasema sasa bila mchezo, "Tata, hii bunduki inakuumiza, tumrudishie mzee." Wakacheka vile vile! Tata Mukubwa akasema bega litazoea. Jioni Mama alimkanda kwa maji moto. Lilikuwa limegeuka rangi ya biringanya.

Sasa kabla sijaendelea, lazima mjue kitu kimoja cha kwetu. Sisi ni Wakristo, Jumapili tunaimba mpaka mabati yanatikisika. Lakini Baluba wa Kasai tuna kitu kinachoitwa chibawu. Mwanamke wa ndoa akichezeana na mwanaume mwingine, baya linaanguka juu ya mume wake ao batoto wake, mpaka aungame mbele ya familia na kumtaja yule mwanaume. Na mume akiwa porini na bunduki, ndiyo mbaya zaidi. Wanasema risasi inaona mambo ya nyumbani.

Risasi inaona... Na Tata je, aliyefumba macho?

Ilikuwa Jumamosi. Tata na Tata Mukubwa walikwenda kuvizia shambani. Mi nilikuwa sokoni namsaidia Mama kuuza bitoyo, wale samaki wa chumvi. Mvua ikashuka ile ya kufunga soko. Tukapanda wewa, yaani pikipiki ya abiria, moja kwa watatu: kijana dereva mbele, mi katikati na beseni mapajani, Mama nyuma. Barabara ilikuwa imegeuka mto.

Nikamwambia, "Mama, hawa samaki waliwakausha bure. Leo wanarudi kwao!"

Mama akacheka! Akacheka mpaka akayumba, akanyoosha mkono juu yangu, akashika bega la dereva asianguke. Tulipita mbele ya kilabu namna hiyo, watu wamejikinga mvua kwenye baraza, wanatuangalia.

Ndugu wasomaji, hicho ndicho kicheko kilichomponza mama yangu. Nilikitengeneza mi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kabla ya jioni wakatuletea habari. Tata yuko hospitali, nguruwe amempasua paja.

Mama alikimbia bila viatu.

Kesho yake nilimpelekea Tata bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Tulikuwa wawili tu. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwana, nilifumba macho."

Nikaweka sahani chini. Mi, Komike, sikutafuta utani!

"Bega ilikuwa inaniuma tangu siku ya kichuguu. Niliogopa ile kishindo mbele ya kuvuta. Risasi ikamukwaruza tu mu mugongo. Nikavuta levye, ikafika nusu. Nikapiga tena... tik. Tupu. Na nguruwe eko anakuja."

"Na Tata Mukubwa?"

"Eko ku muti. Alipanda kama tumbili." Akataka kucheka, maumivu yakamkataza. "Usiseme ku batu, mwana. Nitasema mi mwenyewe."

Atasema yeye mwenyewe. Nililishika neno hilo kama mtu anayeshika mkia wa ng'ombe ndani ya mafuriko.

Tata alipotoka hospitali, familia ilikutana kwetu, Jumapili baada ya misa. Tata aliketi kwenye kiti, mguu juu ya mto. Bunduki ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, safi, inang'aa kama bibi arusi. Tata Mukubwa akafungua kwa sala. Alisali kwanza, ndio akaanza kuchoma.

"Bandugu, ile bunduki ni ya nyati. Inaangusha nyati, batu bote banajua! Itakosa je kanguruwe? Bunduki haina mubaya. Mubaya iko ku nyumba. Siku ileile ya nguruwe, bibi ya ndugu yangu alionekana juu ya pikipiki, anacheka, anashika mwanaume."

Mmeona? Ingekuwa ile karabini nyembamba, wangesema bunduki ni ndogo, basi, yameisha. Lakini kwa sababu ilikuwa kubwa, kosa nalo lilipaswa kuwa kubwa! Na nani alichagua bunduki? Kama kosa si la Mama, basi ni la Tata Mukubwa...

Wakamwambia Mama aungame, ataje jina.

"Nitaje nani?" Mama akauliza. "Ule dereva ya wewa? Hata jina yake sijui. Nilikuwa na mutoto wangu katikati yetu!"

Nikasimama. Nikasema: nilikuwa katikati. Nikasema Mama alicheka kwa sababu yangu, kwa sababu ya samaki. Nikaeleza na utani wenyewe... na watu wakaanza kucheka! Shangazi mmoja akajifuta macho. Nikapaza sauti, "Tata alifumba macho! Bega lake bovu! Hata levye hawezi kuivuta!"

Kicheko kikajaa nyumba nzima.

"Komike ameanza," Tata Mukubwa akasema. "Hata juu ya kidonda ya baba yake anachezea!"

Nikamgeukia Tata. Nikamwangalia usoni, ndugu zangu, kama mtu anayezama anavyoangalia kando ya mto. Sema sasa. Uliniambia utasema!

Tata alimtazama kaka yake. Akaitazama bunduki. Halafu... halafu naye akacheka. Kidogo tu, kwa pua. Akasema, "Huyu mutoto, ni vile anazaliwa."

Mama peke yake hakucheka.

Wakampa chaguo: aungame, wafanye mambo ya kumsafisha, abaki, ao arudi kwa ndugu zake Likasi mpaka akumbuke jina. Nilimfuata jikoni. Nilimwomba adanganye. Ndiyo, mi! Nikamwambia, Mama, taja mtu yeyote, taja mtu aliyekufa, lakini baki!

Akanishika kidevu. "Nikiungama uongo, mwana, kila homa ya mu hii nyumba itakuwa yangu. Weye ukikohoa, batasema ni mi. Nitaungama mara ngapi?"

Alifunga bitenge vyake kwenye furushi. Nilibeba furushi mpaka kwenye basi. Tata hakutoka nje, eti mguu. Njia nzima nilitafuta neno la kumchekesha. Sikulipata.

Sasa nyumbani tuko wawili, mi na Tata. Nguruwe wanakula mahindi, hakuna anayewafukuza. Bunduki iko ukutani pale pale. Asubuhi Tata anasimama katikati ya chumba, shati limemning'inia upande mmoja, ananingoja nije kumwingizia mkono. Naja. Ningefanya nini? Ni baba yangu. Tunafanya kazi hiyo bila kuangaliana.

Nilimwomba amwambie ukweli Tata Mukubwa. Ananijibu, "Nitasema, ngoja kwanza." Nimengoja. Nguruwe wa pori ana aibu kuliko sisi!

Wakati mwingine Mama anapiga simu. Ananiuliza shule, ananiuliza kama nakula. Mwishoni anasema, "Haya, Komike, nichekeshe kidogo." Nafungua mdomo... namsikia anangoja huko Likasi. Nafunga.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaotaka bunduki ya kulinda shamba. Chagueni ile ambayo bega lenu linaibeba, si ile ambayo mdomo wa kaka yenu unaipenda. Nguruwe hajui jina la bunduki yako. Anajua tu kama risasi imempata ao imemkosa.

Na ninyi vijana wenye mdomo kama wangu, jiwekeeni akiba ya maneno ya kweli, mtu mmoja akuamini siku ya shida. Mi nilikuwa nimetumia yote kwenye kuchekesha.

Na ninyi batata, baba zetu, nawapigia magoti. Bunduki ikikuumiza, sema inakuumiza. Ukifumba macho, sema ulifumba. Ni maneno mawili tu! Tata yangu bado anayo mdomoni, na Mama bado yuko Likasi.